Chuo kilichozaliwa kando ya kitanda cha mgonjwa

Mwaka 2003, juu ya kilima cha Bugando jijini Mwanza, vijana kumi walianza mwaka wa kwanza wa udaktari. Kumi tu. Hospitali iliyopakana na darasa lao ilikuwa na mamia ya vitanda, na ndiyo iliyopokea wagonjwa wa rufaa kutoka Mara hadi Kagera, kutoka Shinyanga hadi Kigoma. Katika eneo lote hilo lenye mamilioni ya watu hapakuwa na chuo kingine cha kufundisha madaktari. Kijana wa Ukerewe au Ngara aliyeota udaktari alifunga safari kwenda Dar es Salaam au Moshi, na akishamaliza masomo, mji uliomlea kitaaluma ulikuwa na kila sababu ya kumbakiza huko huko.

Chuo hicho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba Shirikishi. Jina ni refu, hivyo Mwanza nzima husema CUHAS, au Bugando basi, nawe utajua mwenyewe kama anayezungumza anakwenda kusoma au kutibiwa. Ukikilinganisha na vyuo vikuu vya Dar es Salaam au Dodoma, ni chuo kidogo. Ninaandika habari zake kwa sababu naamini udogo huo ndio uliokipa nguvu, na kwa sababu naona nchi yetu, kwa haja yake halali ya madaktari wengi, inaweza kuuharibu bila kukusudia.

Ili kuelewa kwa nini chuo cha namna hii kilichelewa hivyo, inafaa kurudi nyuma hadi karne ya 19. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Charles Lavigerie, alikuwa na wazo ambalo kwa zama zile lilikuwa la ajabu: vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani wapelekwe Malta wakasomee utabibu, kisha warudi barani kutibu watu. Mmoja wao alikuwa Adrian Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto karibu na Mto Niger, nchi ambayo sasa ni Mali, akauzwa, akakombolewa na wamisionari kule Algeria. Alisoma Malta katika miaka ya 1880. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa tabibu na katekista. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa Karema na vijiji vya jirani hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 baada ya kufika.

Habari za Atiman zinajulikana kwa Wakatoliki wengi wa Sumbawanga na Mpanda, na zinastahili kujulikana kwingine kote. Kwangu mimi zina uchungu ndani yake. Kanisa lililothubutu kumfanya mtumwa wa zamani kuwa tabibu kabla ya mwaka 1890 lilikaa zaidi ya miaka mia moja bila kufungua chuo cha madaktari katika nchi aliyoitumikia. Zahanati zilijengwa kwa mamia. Masista walifundisha wauguzi na wakunga, na hospitali za misheni kama Sumve, Sengerema na Rubya zikawa tegemeo la wilaya nzima. Daktari mwenyewe, hata hivyo, kwa miaka mingi alikuwa mgeni kutoka Ulaya. Sera ya mkoloni ilichangia: elimu ya udaktari kwa Afrika Mashariki yote iliwekwa Kampala, Mulago na Makerere, tangu mwaka 1924, na nafasi za Watanganyika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Tulipopata uhuru mwaka 1961, idadi inayotajwa mara nyingi ya madaktari wazalendo ni 12 kwa nchi nzima. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka thelathini kikawa peke yake.

Hospitali yenyewe ya Bugando ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1971, mwaka ule ule ilipofunguliwa hospitali ya KCMC kule Moshi. Moja ilijengwa na Wakatoliki, nyingine na Walutheri, zote mbili kwa msaada mkubwa wa wafadhili wa nje, na zote mbili zikipewa jukumu la kuhudumia kanda nzima. Bugando haikukaa mikononi mwa maaskofu hata miaka miwili: mwaka 1972 serikali iliichukua, kama ilivyochukua shule nyingi za makanisa miaka michache kabla. Mwaka 1985 ilirudishwa kwa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kwa makubaliano kwamba serikali itaendelea kulipa mishahara ya watumishi wengi na hospitali itaendelea kuwa ya rufaa kwa wote. Mwaka 1992 mpango wa aina hiyo ulipewa sura ya kitaifa, pale serikali na makanisa yalipotia saini hati ya maelewano kuhusu huduma za jamii. Wapo walioulalamikia mkataba huo na wanaoulalamikia mpaka leo. Nijuavyo, bila mkataba wa namna hiyo Bugando isingekuwa na wauguzi wa kutosha kuwasha taa wodini.

Mambo mawili zaidi yalitakiwa kutokea ndipo chuo kizaliwe. La kwanza lilitoka Roma. Tarehe 15 Agosti 1990 Papa Yohane Paulo II alitoa hati ya Ex Corde Ecclesiae, inayoeleza chuo kikuu cha Kikatoliki ni nini na kinawajibika kwa nani. Wiki mbili na nusu baadaye alikuwa Tanzania, na Mwanza ilikuwa mojawapo ya miji aliyoitembelea. La pili lilitoka Bungeni: mwaka 1995 sheria ya elimu ilirekebishwa, na kwa mara ya kwanza taasisi binafsi ziliruhusiwa kuanzisha vyuo vikuu. Maaskofu walikuwa na pa kuanzia. Kule Nyegezi, nje kidogo ya mji, Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi aliyeliongoza jimbo la Mwanza hadi mwaka 1965, alikuwa ameanzisha kituo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, na kituo hicho kilifundisha kizazi kizima cha waandishi wa habari wa nchi hii. Mwaka 1998 Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Miaka mitano baadaye, chini ya mwavuli wa SAUT, Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya Bugando kikafungua milango kwa wale vijana kumi.

Huo ulikuwa wakati wa Askofu Mkuu Anthony Mayala, aliyeliongoza jimbo kuu la Mwanza tangu 1987 hadi kifo chake mwaka 2009. Alikuwepo pia padre Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Peter Le Jacq, ambaye pia ni daktari aliyesomea Chuo Kikuu cha Cornell. Ni yeye aliyeunganisha kilima cha Bugando na shule yake ya zamani kule New York. Madaktari wa Cornell wakaanza kuja Mwanza kufundisha wodini, na madaktari wa Bugando wakaenda New York kwa mafunzo. Mwaka 2004 ikaundwa Touch Foundation, taasisi ya kuchangisha fedha Marekani kwa ajili ya chuo hiki na wahudumu wa afya wa Kanda ya Ziwa. Kwa muda chuo kilibeba hata jina la Weill, familia ya mfadhili mkubwa wa shule hiyo ya tiba ya Cornell. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 2008. Baadaye chuo kikajitenga na SAUT na kuwa chuo kikuu kamili, bado kikiwa chini ya maaskofu.

Kumi wa mwanzo

Nimefikiria sana maana ya darasa la watu kumi. Chuo kikuu cha kawaida kingeona aibu. Mhasibu angeuliza mishahara ya maprofesa italipwa na nini, na lilikuwa swali la haki, maana ada ya wanafunzi kumi haiendeshi hata maabara moja. Lakini anayefahamu jinsi udaktari unavyofundishwa anaona mara moja faida yake. Udaktari haufundishwi ukumbini peke yake. Miaka miwili ya mwanzo, ndiyo, mwanafunzi yuko darasani na maabara: anatomia na maiti ya kujifunzia, fiziolojia, biokemia, kisha patholojia, mikrobiolojia na elimu ya dawa. Kuanzia mwaka wa tatu anavaa koti jeupe na kuingia wodini. Hapo mwalimu wake mkuu ni mgonjwa, na mgonjwa mmoja hawezi kusikilizwa moyo na wanafunzi arobaini asubuhi moja bila kuonewa.

Kumi wanaweza kuzunguka kitanda. Kila mmoja anaweza kulishika tumbo lililovimba akahisi bandama kwa vidole vyake. Kila mmoja anaulizwa swali, na asiyejua anajulikana siku hiyo hiyo, si siku ya mtihani. Daktari bingwa anawajua kwa majina, anajua yupi ni hodari wa vitabu lakini huogopa kumgusa mgonjwa, na yupi ana mikono mizuri lakini haandiki faili kwa uangalifu. Malezi hayo hayanunuliki kwa vifaa. Chuo kilianza hivyo kwa sababu hakikuwa na uwezo wa kuanza vinginevyo, na bila kupanga kikaweka kipimo ambacho waliofuata wanapimwa nacho.

Bila shaka kumi hawatoshi. Leo darasa la mwaka wa kwanza la udaktari peke yake lina zaidi ya wanafunzi mia moja, na kando yake wapo wanaosomea ufamasia, uuguzi, sayansi ya maabara, picha za uchunguzi na tiba ya mionzi, wengine stashahada, wengine shahada za uzamili za ubingwa. Hospitali nayo imekua, ina vitanda zaidi ya 900 na inahudumia mikoa minane tangu Geita na Simiyu ziwe mikoa mwaka 2012. Hesabu ya vitanda kwa wanafunzi ndiyo hesabu ninayotaka wenye mamlaka waiangalie kwanza, kabla ya hesabu ya ada.

Maisha ya kilimani

Siku ya mwanafunzi wa Bugando aliyefika wodini huanza mapema. Kabla ya raundi, yaani kabla daktari bingwa hajafika kupitia wagonjwa, mwanafunzi anatakiwa awe ameshawaona wagonjwa wake, amesoma faili, amechukua vipimo vya usiku na kuandaa maelezo ya kuwasilisha. Maelezo hayo yana mpangilio wake: jina, umri, anatoka wapi, kilichomleta, kimeanza lini, amepita wapi kabla ya kufika. Kipengele hicho cha mwisho kina uzito wa pekee Kanda ya Ziwa. Mgonjwa anaweza kuwa amepita zahanati, kisha kwa mganga wa jadi, kisha hospitali ya wilaya, kisha akauza ng'ombe ili apate nauli ya Mwanza. Mwanafunzi anayejua kuuliza kwa upole huipata historia hiyo yote. Anayeuliza kama polisi huambiwa, “Nimetoka nyumbani.”

Mbinu ya kwanza anayojifunza kijana aliyetoka Mbeya au Tanga ni salamu. Kiswahili kinatosha kwa wagonjwa wengi, na shikamoo haijawahi kumkosesha mtu heshima. Lakini bibi aliyeletwa kutoka ndani ya Kwimba au Maswa hufunguka uso akisikia “Mwangaluka, mayu.” Baada ya hapo mazungumzo yanaweza kuendelea kwa Kiswahili, kwa mjukuu anayetafsiri, au kwa ishara, mlango umeshafunguliwa. Na anapoaga, “wabeja” ya bibi huyo ni malipo ambayo mwanafunzi huyakumbuka akiwa amechoka saa nane za usiku kwenye zamu ya wodi ya wazazi.

Kuna kijitabu cha kumbukumbu ambacho kila mwanafunzi huzunguka nacho: amezalisha mama wangapi akisimamiwa, ameshona vidonda vingapi, ameshuhudia upasuaji gani. Kila tendo linahitaji saini ya mkubwa wake. Ukiona kijana mwenye koti jeupe akimkimbilia daktari kwenye korido huku amenyoosha kalamu, elewa kwamba zamu yake katika idara ile inaisha kesho na saini bado.

Msamiati mwingine wa kilimani ni ule ule wa vyuo vyote vya Tanzania. Bumu, yaani fedha za mkopo wa kujikimu, likichelewa kutoka Bodi ya Mikopo, nyuso hubadilika. Likiingia, vibanda vya chipsi na samaki vya jirani huwaka hadi usiku. Sapu ni mtihani wa marudio, na disko ni neno ambalo hakuna anayelitamka kwa sauti karibu na matokeo, maana ni kuondolewa chuoni. Katika udaktari kusoma kwa makundi ni lazima zaidi kuliko fani nyingine. Mtu mmoja hawezi kukariri peke yake mishipa yote ya mkono na kazi ya kila dawa ya moyo. Hugawana, hufundishana, huulizana maswali hadi umeme ukatike, kisha huendelea kwa tochi za simu.

Je, Ukatoliki wa chuo unaonekana wapi? Misa ipo, kwaya zipo, na vijana Wakatoliki wana mikutano yao. Sikukuu ya Mtakatifu Luka, msimamizi wa madaktari, huangukia tarehe 18 Oktoba. Lakini wanafunzi ni wa dini zote, kama wagonjwa walivyo. Waislamu wanafunga Ramadhani huku wakishika zamu, na Walutheri, Waanglikana, Wasabato na waumini wa Africa Inland Church wana vikundi vyao vya sala. Kwa maoni yangu Ukatoliki wa Bugando unapaswa kutafutwa zaidi katika somo la maadili ya utabibu, pale mwanafunzi anapoulizwa afanye nini ikiwa mgonjwa hana hata shilingi, au ikiwa ndugu wanataka kumwondoa mtoto hospitali ili wampeleke kwa mganga. Unapaswa kutafutwa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, kwa namna wanavyosemeshwa. Chuo kinachobeba jina la Kanisa kikishindwa hapo, misalaba ya ukutani haitakitetea.

Nje ya wodi kuna Mwanza. Kutoka kilimani unaona majabali yaliyobebana, nyumba zilizopandishwa juu ya mawe, na ziwa likitanda hadi upeo wa macho. Jumapili mchana wanafunzi hushuka mjini, wengine hadi Capri Point, wengine sokoni kununua sato kwa ajili ya chakula cha kundi zima. Ni mji wenye kelele na biashara, wenye watu wanaocheka kwa sauti, na nadhani unamfaa mtu anayejifunza udaktari: humrudisha haraka kwenye watu wenye afya baada ya wiki nzima ya kuona wanaoteseka.

Magonjwa ya ziwa

Yote hayo yanaweza kusemwa, kwa kiasi fulani, kuhusu chuo chochote cha tiba. Kinachoitofautisha Bugando ni ziwa na magonjwa yake. Kanda hii ina watoto wengi wenye seli mundu. Ina saratani ya Burkitt, uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliuelezea nchi jirani ya Uganda mwaka 1958. Kabla ya Bugando kuwa na idara yake ya saratani, mama wa mtoto wa namna hiyo alitakiwa kumpeleka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, na wengi walikata tamaa stendi ya mabasi.

Halafu kuna kichocho. Kila mtoto aliyekulia ufukweni amewahi kukisikia, na wengi wamewahi kukojoa damu wakaambiwa ni kawaida ya wanaoogelea. Watafiti wa Bugando na wenzao wa Cornell walikwenda vijijini kuchunguza kichocho kinachoshambulia via vya uzazi vya wanawake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kati ya wanawake 457 waliopimwa, wenye kichocho cha namna hiyo waliokuwa na virusi vya Ukimwi walikuwa asilimia 17, na kati ya wasiokuwa nacho walikuwa asilimia 6. Wazo lenyewe linatisha kwa urahisi wake: vidonda vinavyosababishwa na mayai ya minyoo huenda ndivyo mlango wa virusi. Mama anayeteka maji na kufua ziwani anaweza kuwa hatarini kwa sababu ambayo hakuna tangazo la redio lililowahi kumtajia.

Utafiti mwingine unanigusa zaidi, kwa sababu unahusu dini na sayansi zikikaa meza moja. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume mwaka 2007 baada ya majaribio kuonyesha inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa njia ya ngono na mwanamke. Wasukuma, kwa desturi yao ya asili, hawakuwa na tohara. Kampeni zikaja, hema zikapigwa, huduma ikawa bure, na bado vijiji vingine wanaume hawakujitokeza. Watafiti walipouliza, walikuta kwamba waumini wengi wa makanisa waliiona tohara kuwa jambo la Waislamu, au la wazinzi, na kwamba hakuna mchungaji aliyewahi kulitaja madhabahuni. Basi wakagawa vijiji 16 katika makundi mawili. Kote kampeni ya serikali ilifika. Katika nusu yake, viongozi wa makanisa ya madhehebu mbalimbali waliitwa kwanza kwenye semina iliyofundishwa na mchungaji pamoja na mtaalamu wa afya, wakajadili Biblia, desturi na tiba kwa uwazi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017. Vijiji ambavyo viongozi walifundishwa, asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa. Vile vingine, asilimia 29.5.

Hapakuwa na dawa mpya wala mashine. Kulikuwa na chuo kinachowajua watu wake na kinachoelewa kwamba mchungaji wa kijiji husikilizwa kuliko bango. Chuo cha Dar es Salaam kingeweza kubuni utafiti huu. Chuo cha Kikatoliki kilichozungukwa na vijiji vya Wasukuma kilikuwa na kila sababu ya kuubuni kwanza. Na tusisahau kwamba utamaduni wa utafiti ulikuwepo kilimani hata kabla ya chuo: jaribio maarufu la Mwanza, lililoanza mwaka 1991 na kuchapishwa 1995, ndilo lililoonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40.

Baada ya joho

Sasa niseme linalonisumbua. Tumeongeza vyuo vya udaktari, tumeongeza wanafunzi, na hilo ni jema. Lakini mwaka 2017, Kenya ilipoomba madaktari 500 kutoka Tanzania, na mahakama ya huko ikazuia mpango huo, ilibidi Rais John Magufuli aagize waajiriwe na serikali yetu madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda. Watu 258 waliosoma miaka mitano, wakamaliza mwaka mmoja wa utarajali, walikuwa nyumbani wakisubiri, katika nchi ambayo hospitali zake za wilaya hazina madaktari wa kutosha. Tatizo halikuwa uhaba wa wahitimu. Lilikuwa bajeti ya ajira, na mgawanyo.

Kwa chuo kinachotegemea ada, kishawishi cha kuongeza idadi kila mwaka ni kikubwa. Wafadhili wa nje huchoka, mikopo ya serikali hubadilika, mishahara ya maprofesa haisubiri. Ninaelewa. Hata hivyo kila mwanafunzi anayeongezwa bila kitanda kuongezwa, na bila mwalimu kuongezwa, anapunguza nafasi ya mwenzake kulishika lile tumbo kwa vidole vyake. Tume ya Vyuo Vikuu inakagua majengo na vyeti vya wahadhiri. Natamani ikague pia ni wanafunzi wangapi wanazunguka kitanda kimoja saa mbili asubuhi, na itoe idadi hiyo hadharani kwa vyuo vyote, vya serikali na vya dini.

Njia nyingine ya kujitegemea ipo karibu, na iko mikononi mwa Kanisa lenyewe. Majimbo ya Mwanza, Bukoba, Bunda, Geita, Kayanga, Musoma, Rulenge-Ngara na Shinyanga ni manane. Yana hospitali zake, nyingi zikiwa vijijini na zikihangaika kila mwaka kupata daktari atakayekaa zaidi ya miezi michache. Kila jimbo likichangisha ada ya kijana mmoja kwa mwaka, kwa harambee kama zile zinazojenga makanisa, na kijana huyo akachaguliwa na hospitali itakayompokea, ndani ya miaka kumi vijana themanini watakuwa wameingia chuoni, na hakuna atakayekuwa na shaka anarudi wapi. Chuo kitakuwa na ada ya uhakika bila kujaza ukumbi. Sumve itamjua daktari wake angali mwaka wa kwanza, itampokea likizo zake, itamwonyesha wodi zake na nyumba atakayoishi. Mkataba uandikwe kwa lugha rahisi, usainiwe na mzazi, askofu na mganga mkuu wa hospitali kabla ya ada ya kwanza kulipwa, na useme wazi atatumika miaka mingapi na kwa mshahara gani.